Geuza chupa usome mgongo wake: mwongozo wa mafuta ya ngozi kwa watu wa Lubumbashi

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, meza yangu ya mafuta hapa Lubumbashi haipumziki. Asubuhi baridi inauma, mchana jua linawaka bila wingu, na upepo unapita na vumbi jekundu la barabara za Katuba na Ruashi. Hewa inakuwa kavu hata kikwembe kilichoanikwa asubuhi kinakakamaa kabla ya saa sita. Ngozi nayo inafanya hivyohivyo. Watu wanakuja miguu imepauka kama iliyopakwa majivu, midomo imechanika, magaga yanatoa damu. Na karibu kila mmoja anachagua kwa kutazama picha iliyo mbele ya chupa.

Picha ya mbele imewekwa kuuza. Kilichomo ndani kimeandikwa mgongoni kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kifaransa au Kiingereza kilichochanganyika na Kilatini. Nimekaa kwenye biashara hii miaka kumi na miwili, na ningependa kila mama na kila kijana anayesimama mezani ajue kusoma zile herufi ndogo kabla hajatoa franka zake.

Hatua ya kwanza: ijue ngozi yako ya leo

Nasema ya leo kwa sababu ngozi ya mwezi wa saba si ile ya mwezi wa kwanza mvua zikinyesha.

Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, jikaushe kwa kugusagusa, usipake kitu. Kaa nusu saa. Kisha chukua kioo usimame mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Ngozi ikikuvuta unapocheka, ni kavu. Iking'aa paji la uso na pua huku mashavu yametulia, una mafuta sehemu ya katikati tu, na wengi wako hivyo. Iking'aa yote, ni ya mafuta. Ikiwaka moto au kuwasha kila unapobadilisha sabuni, ni ngozi inayoudhika upesi, na wewe utafute chupa zisizo na neno "parfum", yaani harufu ya kutiwa, popote mgongoni.

Halafu taja tatizo moja, lile linalokusumbua zaidi. Mtu akiniambia "Mama, nataka uso mzuri", sijui nimpe nini. Akisema "nina madoa yaliyobaki baada ya chunusi", mkono wangu tayari unajua uende kwenye chupa gani.

Hatua ya pili: soma orodha kutoka juu kwenda chini

Viungo huandikwa kwa kufuata wingi: kilicho kingi kinatangulia. Ndiyo maana neno la kwanza karibu kila mara ni "aqua", yaani maji. Utaratibu huo unashika mpaka viungo vinavyofika asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anavipanga atakavyo.

Sasa chukua losheni yenye picha kubwa ya karoti. Wiki iliyopita nilimsomea mteja mmoja kwa sauti: maji, mafuta ya parafini, gliserini, nta, harufu, rangi mbili za kutiwa, na mwisho kabisa karoti. Karoti inayokuja nyuma ya harufu ni tone. Yule mama aliishika ile chupa muda mrefu, akairudisha, akanunua gliserini tupu na kopo la vaselini. Akabaki na nauli.

Majina yanatisha machoni, lakini ukiyatamka utayatambua. "Glycérine" ni gliserini, "urée" ni urea, "acide salicylique" ni asidi salisiliki. Tafuta pia kijikopo kilichochorwa kikiwa wazi, chenye namba na herufi M. 6M ni miezi 6 tangu siku ya kufungua, 12M ni miezi 12. Mimi huandika tarehe ya kufungua chini ya kopo kwa kalamu. Na chupa isiyo na orodha kabisa, au iliyojazwa upya ikapewa kizibo kisicho chake, iache palepale hata kama muuzaji ni shangazi yako.

Hatua ya tatu: ukavu, midomo na magaga

Ngozi kavu inadai kazi mbili: kuyavuta maji, na kuyafungia yasitoke. Wengi wetu tunafanya moja tu, kisha tunalaumu mafuta.

Kazi ya kuvuta inafanywa na gliserini. Asidi hyaluroniki inafanya ileile kwa bei kubwa zaidi, na kwa ngozi ya mwili sioni sababu ya kuilipia. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu, gliserini inapata pa kuchota. Mwezi wa saba hewa haina maji ya kutoa, hivyo gliserini iliyopakwa peke yake inayavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, nayo yanapotelea hewani. Anayelalamika kwamba gliserini inamkausha anasema kweli. Dawa yake ni kuipaka ngozi ikiwa bado ina matone, katika dakika chache za kwanza baada ya kuoga, ukiwa umeichanganya na maji kiganjani: sehemu moja ya gliserini kwa mbili au tatu za maji. Halafu funika.

Kwa kufunika hakuna kilichoishinda vaselini. Mmarekani Robert Chesebrough alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1872, na mpaka leo madaktari wa ngozi wanaitegemea. Haina harufu, haiozi, na ni vigumu kupata mtu inayemdhuru. Paka safu nyembamba tu. Siagi ya shea nayo ni nzuri, na mafuta ya kokwa za mchikichi ambayo bibi zetu waliwapaka watoto bado yanafaa miguu na mikono. Usoni, kwa mwenye chunusi, hayo ya kokwa yaache, pamoja na ya nazi. Yanaziba vitundu vya ngozi.

Ukiona "céramides" kwenye krimu, jua ni mafuta ya aina ileile ambayo ngozi huyatengeneza kushikanisha seli zake. Zinawafaa sana watoto wenye ukurutu na watu wazima ambao ngozi imechoka kwa sabuni kali. Hapo niseme neno kuhusu sabuni ya mche ya kufulia: ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, iko karibu na 5, na sabuni ya mche inafika 9 hadi 10, ambako uchachu haupo tena. Kuiogea kila siku kwenye baridi ni kuivua ngozi koti.

Magaga yana kiungo chake, urea. Krimu ya asilimia 5 hadi 10 inalainisha ngozi ya mwili. Ya 20 na kuendelea inalegeza ngozi ngumu ya kisigino. Loweka miguu dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, kausha, paka urea kwenye sehemu ngumu bila kuingia kwenye mpasuko wenye damu, juu yake vaselini, kisha vaa soksi ulale. Baada ya wiki mbili kisigino kinaacha kunasa shuka. Wembe usiutumie kamwe, na mwenye kisukari amwonyeshe daktari miguu yake kabla ya lolote.

Weupe mwingine si ukavu. Mabaka ya mviringo yenye rangi hafifu kifuani, shingoni au mgongoni, yanayotoa unga mwembamba ukiyakwaruza, mara nyingi ni mba, yaani fangasi. Losheni haitayagusa. Shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu salfaidi ipakwe juu yake, ikae dakika tano hadi kumi, isuuzwe, kwa siku kadhaa kama karatasi yake inavyoelekeza. Fangasi hufa mapema, lakini rangi hurudi polepole kwa miezi, kwa hiyo usidhani dawa imeshindwa.

Hatua ya nne: chunusi

Binti wa dada yangu, miaka 17, alikuja kwangu paji la uso limejaa vipele vidogo, mashavu safi kabisa. "Yaya Mama, nimejaribu sabuni tano." Nilimsogeza mlangoni nikatazama: vipele vilifuata mstari wa nywele kama upinde, kutoka sikio moja hadi lingine. Alikuwa amesuka, na kila jioni alipaka pomadi nzito kwenye mistari ya kichwa, joto likaiyeyusha ikashuka usoni. Madaktari wa Marekani walieleza hali hii tangu 1970 wakaiita chunusi za pomadi. Nilimwambia apake pomadi kwenye nywele tu, mbali na ukingo wa uso, na afunge kitambaa safi akilala. Miezi miwili baadaye paji lilikuwa limetulia, na hakununua kitu kwangu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kiungo, tafuta cha kuondoa.

Viungo vyenyewe ni hivi. Asidi salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inaingia ndani ya kitundu kilichoziba na kukisafisha. Inafaa vipele vidogo na vichwa vyeusi. Benzoili peroksidi inaua bakteria wa chunusi zenye usaha. Ya asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na ya 10, nayo haiudhi ngozi kama ile, basi usishindane na namba. Ila inapausha nguo: lalia taulo jeupe, na usijifunge kikwembe kipya kabla haijakauka. Adapalini ya asilimia 0.1, inayopatikana farmasi, inazuia vitundu visizibe tangu mwanzo. Ipake usiku, kiasi cha punje ya hindi kwa uso mzima, siku moja kwa mbili mpaka uizoee. Wiki za kwanza ngozi inaweza kuchubuka kidogo na chunusi kuonekana kuongezeka. Wengi huacha hapo, na inasikitisha, maana faida inaanza kuonekana wiki ya nane au ya kumi na mbili. Mjamzito asiitumie, wala kitu chochote cha familia ya retinoli, yaani vitamini A ya kupaka.

Wanaume wenye vipele vya ndevu shingoni: nywele iliyokatwa chini sana inajikunja na kuingia ngozini. Acha urefu kidogo, tumia mashine badala ya wembe, na pitisha asidi salisiliki jioni.

Hatua ya tano: madoa meusi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea na nyuso nyingi zinaharibika, kwa hiyo nivumilie.

Ngozi nyeusi ikiumia, iwe kwa chunusi, kuumwa na mbu au kukwaruzwa, seli zinazotengeneza rangi zinashtuka na kumwaga rangi nyingi mahali pale. Kidonda kinapona, doa linabaki. Doa hilo si uchafu wala ugonjwa. Ni alama ya ngozi iliyojitetea, na kila unapoisugua au kuichoma kwa kitu kikali, inajitetea tena. Kwanza basi zima moto wenyewe: tibu chunusi, acha kutumbua.

Kisha niasinamidi, aina ya vitamini B3. Yenyewe inapunguza rangi inayopita kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda kwenye seli za juu ya ngozi, inatuliza wekundu, na haina ugomvi na viungo vingine. Asilimia 4 au 5 inatosha. Chupa za 10 zinawawasha wengi. Kama ningeruhusiwa kubaki na kiungo kimoja cha uso mezani, ningebaki na hiki.

Asidi azelaiki, asilimia 10 hadi 20, inapiga chunusi na doa kwa pamoja, na mjamzito anaweza kuitumia. Ni mkombozi wa akina mama wenye vivuli vya mimba kwenye mashavu na juu ya mdomo. Siku za kwanza inachonyota. Si rahisi kuipata hapa. Agiza farmasi, usikubali kupewa kingine "kinachofanana".

Vitamini C inang'arisha na kusaidia kinga ya jua, lakini haipendi joto wala mwanga. Seramu yake ikigeuka kutoka rangi ya maji kuwa ya chai, imekufa. Chupa zilizokaa juani sokoni nyingi ni chai tayari, na kwa sababu hiyo mimi siiuzi.

Limau usijipake. Najua linapendekezwa kila mahali. Maji yake ni makali mno kwa ngozi, na yana kemikali ambazo zikikutana na jua zinaunguza: unaamka na malengelenge, kisha madoa meusi zaidi ya yale uliyotaka kuondoa.

Muda: doa la juu juu linahitaji miezi mitatu hadi sita. Lililozama, lenye rangi ya kijivu au samawati, linaweza kuchukua mwaka na zaidi. Piga picha leo mlangoni, na nyingine baada ya wiki nane, saa ileile. Kioo cha kila asubuhi hakitakuonyesha kitu.

Hatua ya sita: kinga ya jua

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 miale ya jua inayounguza huongezeka kama asilimia 10. Baridi ya mwezi wa sita inakufanya ulikimbilie jua kuota, na huko ndiko doa linakolishwa. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ndiyo, lakini kinga hiyo haizuii madoa kukolea.

Tafuta SPF, yaani namba ya kinga ya jua, ya 30 au zaidi, inayozuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza, na neno UVA, miale inayozama ndani zaidi ya ngozi, likiwa ndani ya duara. Oksidi ya zinki inafaa ngozi inayoudhika lakini huacha weupe. Zenye rangi ya kahawia zina oksidi za chuma, ambazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu juu ya vidole viwili. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Ikiwa bei inakushinda, na inawashinda wengi, mwavuli na kofia pana ni kinga halali. Katika nyumba yenye mtu mwenye ualbino, chupa hiyo ni yake kwanza, kila siku, tangu utotoni. Kwake ni kinga dhidi ya saratani.

Hatua ya saba: ingiza kimoja kimoja

Paka kiungo kipya nyuma ya sikio au ndani ya mkono, siku mbili. Kikikaa salama, kianze usoni, kisha ngoja wiki mbili kabla ya kingine. Asubuhi: maji, niasinamidi, losheni, kinga ya jua. Usiku: sabuni laini, kiungo kimoja cha tiba, losheni. Retinoli kwa makunyanzi ni ya usiku pia, mara mbili kwa wiki mwanzoni. Zaidi ya hapo unapoteza franka.

Hatua ya nane: vitu vitatu vya kurudisha mezani

Miaka yangu ya kwanza niliuza mafuta ya kuchubua yaliyopita mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakiulizwa. Niliacha siku wifi yangu alipojifungua kwa upasuaji. Alikuwa amejipaka miaka saba. Nilikaa naye hospitalini wiki baada ya wiki, kidonda kinakataa kufunga, ngozi ya tumbo imekuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Baadhi ya mafuta yale nilikuwa nimemuuzia mimi.

Cha kwanza ni haidrokwinoni, kiungo cha kuchubua ngozi. Daktari anaweza kuiandika kwa miezi michache, kwa kipimo, akikufuatilia. Ya sokoni haina kipimo wala mwisho. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza mwaka 1975 kinachofuata: mashavu yanageuka samawati-nyeusi na kufanya chembechembe, na hali hiyo ni ngumu mno kuiondoa. Nchi hiyo ilipiga marufuku mafuta yenye haidrokwinoni mwaka 1990.

Cha pili ni zebaki, ambayo inaharibu figo na inamfikia hata mtoto anayebebwa. Mara nyingi haitajwi kwenye orodha. Soma maonyo: kopo likisema lisiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, lina sababu ya kuogopa, nawe ogopa.

Cha tatu ni klobetasoli na ndugu zake, kwenye tyubu ndogo za bei nafuu au ndani ya michanganyiko isiyo na jina inayokorogwa saluni. Ni dawa kali ya magonjwa ya ngozi. Ikipakwa mwili mzima kama losheni inaleta michirizi, vipele, nywele mashavuni, na inaficha choa huku kikienea.

Ukiwa tayari unatumia hiyo ya tatu kwa muda mrefu, usiache ghafla. Mwili unaweza kuwa umeizoea, na uso ukawaka na kuvimba kiasi cha kukurudisha kwenye tyubu siku ya nne. Beba tyubu zote, na ule mchanganyiko usio na jina, umpelekee daktari, umwambie miaka mingapi, ili akupunguzie kwa hatua. Wakati huo ngozi haitaki kingine zaidi ya sabuni laini, vaselini na mwavuli. Wifi yangu alichukua mwaka mmoja na nusu. Rangi ilirudi kwanza kwenye vifundo vya vidole, halafu shingoni, na siku moja alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza yangu, akaniambia niilinganishe na ya mama yake.